Jinsi ya Kujifunza Maneno ya Kiingereza Yenye Herufi o-u-g-h

Msomaji wa Kiswahili hupata taabu ya aina yake anapofika kwenye maneno ya Kiingereza yenye herufi o, u, g na h zilizofuatana. Sisi tumezoea kwamba gh ya ghali ndiyo gh ya lugha, na anayejua kulisoma neno moja anajua kuyasoma yote. Katika Kiingereza kundi hilo la herufi nne lina matamshi yasiyopungua saba, na hakuna hata moja kati yake lenye sauti ya gh tunayoijua. Kukariri neno mojamoja kunachosha bure, kwa hiyo yagawe maneno hayo katika koo, kila ukoo na sauti yake, na uanze na ule ulio mkubwa.

Kwanza tazama kinachofuata baada ya h. Ikiwa ni t na neno linaishia hapo, kazi imekuwa nyepesi: bought, brought, fought, sought, thought, ought na nought yote hutamkwa kwa o ndefu inayokaribiana na ile ya choo, kisha t, huku g na h zikikaa kimya kabisa. Neno la kawaida linaloasi ni drought, yaani ukame, ambalo hutamkwa “draut”. Ukoo huu una faida nyingine, kwani matano kati ya maneno hayo ni vitenzi vya wakati uliopita: buy huwa bought, bring huwa brought, fight huwa fought, seek huwa sought, na think huwa thought.

Wengi huteleza hapa kwa sababu ya caught na taught, ambayo husikika vilevile lakini huandikwa kwa a badala ya o. Dawa yake ni kurudi kwenye shina la kitenzi. Catch na teach yana a, na a hiyo hubaki katika caught na taught. Buy, bring, fight, seek na think hayana a, nayo huchukua o. Ukiandika vitenzi hivi saba pamoja na mashina yake kwenye ukurasa mmoja, utaliona jambo hili kwa macho, na sidhani kama utahitaji kuukariri tena ukurasa huo.

Pasipo t mwishoni, mambo huwa magumu zaidi, maana umbo la neno halikuambii lolote na sikio ndilo hutangulia. Maneno ya kawaida yenye sauti ya f ni matano tu: rough, tough na enough huishia kwa “af”, ilhali cough na trough, yaani kikohozi na hori la kulishia mifugo, huishia kwa “of”. Though, although na dough huishia kwa “ou”. Through na throughout yana “u” ndefu. Bough na plough, yaani tawi na plau, yana “au”. Mimi niliwahi kusoma plough kama “plaf” mbele ya darasa zima, na tangu siku hiyo sijalikosea. Yabaki thorough na borough, ambayo Waingereza huyamaliza kwa a hafifu isiyosikika vizuri, na Wamarekani huyamaliza kwa “ou”.

Though, thought, through, thorough na tough hutatanisha kwa kufanana, basi yachunguze polepole, hasa herufi za mwanzo. Th ya though ni dh yetu ya dhahabu. Th ya thought, through na thorough ni th yetu ya thamani. Nayo tough haina h baada ya t. Kiingereza huandika sauti hizo mbili kwa namna moja, lakini sisi tunazo herufi za kuzitofautisha, na ni hasara kutozitumia. Andika “dhou”, “thoot”, “thruu”, “thara” na “taf” kando ya kila neno katika daftari lako. Walimu wengine hukataza jambo hili. Mimi naliona kuwa msaada mkubwa kwa mwanafunzi anayeanza, mradi ahakikishe matamshi kwa kamusi yenye sauti kabla ya kuandika.

Fujo hii ina asili yake. Kiingereza cha kale kilikuwa na sauti iliyokaribiana na kh ya sheikh, na Kijerumani bado kinayo katika dachte na brachte, ndugu za thought na brought. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi walizoea kuiandika sauti hiyo kwa gh. Baadaye ilikufa katika maneno mengi na kugeuka f katika machache, lakini uchapaji, ulioletwa Uingereza na William Caxton mwaka 1476, ulisaidia kuimarisha tahajia ya zamani. Kwetu khabari ilipolainika kuwa habari, maandishi yaliufuata mdomo. Kwao mdomo ulikwenda na maandishi yakabaki.

Kwa mazoezi, chukua sentensi moja yenye koo nyingi na uisome kwa sauti kila siku kwa juma moja: Though he coughed all through the night, he thought he had slept enough. Maana yake ni kwamba ingawa alikohoa usiku kucha, alidhani amelala vya kutosha, na ndani yake mna sauti tano tofauti za kundi hilohilo la herufi. Halafu mwombe mtu akusomee maneno ishirini yaliyochanganywa, nawe uyaandike chini ya koo zake bila kutazama daftari. Yale utakayoyakosea ndiyo ya kurudia kesho yake, mengine yaache.

Ukikutana na plow badala ya plough, jua kwamba hiyo ni tahajia ya Kimarekani, nayo ni sahihi huko. Hiccough, yaani kwikwi, hutamkwa “hikap” na siku hizi huandikwa zaidi hiccup, basi tumia hiyo. Slough lina matamshi zaidi ya moja kwa kufuata maana yake: likiwa kinamasi, Waingereza husema “slau”, na likiwa kitendo cha nyoka kujivua gamba, husema “slaf”. Hilo litafute katika kamusi kila unapolikuta.