Somo: Kuandaa faili la bidhaa kwa matangazo ya Google Shopping

Habari wakuu. Somo hili ni la wenye duka la mtandaoni lenye tovuti yake, iwe WooCommerce, Shopify au nyingine, wanaotaka bidhaa zao zitokee Google zikiwa na picha, bei na jina la duka.

Jambo moja lieleweke mapema: kwenye matangazo haya huchagui maneno ya utafutaji. Mteja akitafuta sufuria, Google inasoma faili lako la bidhaa (jedwali lenye orodha ya bidhaa zako), hasa jina la bidhaa, ndipo inaamua kama ikuoneshe au ikupite. Faili ndilo tangazo. Wengi wanaongeza bajeti kila wiki wakati tatizo liko kwenye jedwali.

Hatua ya 1: Tengeneza ukurasa kwanza

Kila bidhaa iwe na ukurasa wake, bei ionekane, na mteja aweze kuweka oda hadi mwisho humohumo kwenye tovuti. Ule mtindo wetu wa "bei inbox" haupiti. Weka pia namba ya simu, anwani, njia za kulipa na ukurasa wa masharti ya kurudisha bidhaa. Kama hampokei bidhaa iliyorudishwa, andikeni hivyo waziwazi.

Hatua ya 2: Fungua akaunti ya Merchant Center

Hii ni akaunti ya Google ya kuwekea taarifa za duka na bidhaa zako, nayo ni bure. Ingiza jina la duka, nchi, kisha thibitisha kuwa tovuti ni yako kwa kubandika kwenye tovuti kipande cha msimbo (code) wanachokupa. Gharama za usafirishaji ziweke humo kwenye mipangilio, na zisiwe ndogo kuliko zile mteja atakazozikuta anapolipa. Kama mzigo wa mikoani unauchaji zaidi ya wa mjini, weka kiwango cha juu kuliko kudanganya kwa cha chini.

Hatua ya 3: Jaza jedwali

Zipo programu-jalizi (plugin) za kutengeneza faili zenyewe, lakini nashauri uanze na bidhaa kumi tu kwa mkono kwenye Google Sheets. Ukishajua kila safu inataka nini, hata programu-jalizi ikikosea utaona imekosea wapi.

Mstari wa juu una majina ya safu, nayo yaandikwe hivihivi kwa herufi ndogo: id, title, description, link, image_link, availability, price, condition, brand, gtin. Kila bidhaa ina mstari wake.

Safu ya id ni namba yako ya bidhaa, isizidi herufi 50. Ukishaiweka usiibadilishe. Ukiibadilisha, Google inaiona kama bidhaa mpya na historia yote ya mibofyo inabaki kwenye ile ya zamani.

Safu ya title inabeba hadi herufi 150, ila mteja mara nyingi huona 70 za mwanzo au pungufu, hivyo la muhimu litangulie. Lugha iwe ileile ya ukurasa wa bidhaa, na iwe miongoni mwa zinazokubaliwa kwa nchi unayouzia. Maduka mengi ya huku yanaandika Kiingereza. Mpangilio, nauandika kwa Kiswahili ili ueleweke, ni huu: "Kikoi cha pamba, bluu na nyeupe, sm 100 x 170". Siyo "KIKOI KIKALI!!! OFA YA LEO". Herufi kubwa tupu na maneno ya ofa yanakataliwa, na hata yangekubaliwa hakuna anayetafuta kwa maneno hayo.

Safu ya price ndiyo inayoangusha watu. Andika 45000 TZS, au 2500 KES kwa walioko Kenya. Usiandike "45,000/=", wala "Tsh 45k". Bei iwe na VAT ndani yake, na iwe ileile iliyoko kwenye ukurasa, shilingi kwa shilingi. Google inatuma mashine yake kusoma ukurasa. Ikikuta 48,000 huku faili linasema 45,000, bidhaa inakataliwa. Ukishusha bei ya sikukuu dukani, shusha na kwenye faili siku hiyohiyo.

Kwenye availability andika in_stock kama ipo, out_of_stock kama imeisha. Usiseme ipo kwa sababu "mzigo uko njiani".

Safu ya gtin ni ile namba ya bakodi, kwa kawaida tarakimu 13. Namba zilizotolewa na GS1 Tanzania (shirika linalotoa namba za bakodi) zinaanza na 620, za Kenya 616. Hapa Excel ina tabia yake: ukiingiza tarakimu 13 inazigeuza kuwa kitu kama 6.20123E+12, ukihifadhi kwa CSV (jedwali la maandishi matupu) namba imepotea moja kwa moja. Kabla hujaandika chochote, chagua safu nzima, ibadilishe iwe ya maandishi, ndipo uingize namba. Na usibuni bakodi. Kama bidhaa haina, acha wazi.

Picha nayo ina kesi zake. Sisi tumezoea kupiga picha ya kiatu, juu yake tunaandika bei, namba ya WhatsApp na "tunatuma mikoa yote". Kwa Google hiyo inakataliwa: picha isiwe na maandishi ya tangazo wala nembo iliyopitishwa juu ya bidhaa. Kiwango cha chini cha nguo ni pikseli 250 kwa 250, vitu vingine 100 kwa 100, lakini ukitumia 800 kwa 800 kwenda juu utakaa salama. Mandhari nyeupe inatosha. Shuka jeupe ukutani na mwanga wa dirishani vinafanya kazi hiyo.

Bidhaa yenye saizi au rangi nyingi, mfano kiatu cha 38 hadi 42, kila saizi ipate mstari wake na id yake, kisha zote zipewe item_group_id moja. Ongeza na safu za color, size, gender na age_group.

Hatua ya 4: Pakia, subiri, soma makosa

Unganisha Sheets na akaunti, au weka anwani ya faili ili Google ilichukue lenyewe kila siku. Ukaguzi wa mwanzo huchukua siku kadhaa za kazi. Bidhaa isiyosasishwa kwa siku 30 inatolewa, ndiyo maana kupakia mara moja na kusahau hakusaidii.

Hatua ya 5: Unganisha na Google Ads

Bila hapo hakuna tangazo la kulipia. Anza na kampeni ya kawaida ya Shopping, angalia watu walitafuta nini hadi wakakuona, kisha zuia maneno yasiyohusika kama "bure" au "jinsi ya kutengeneza".

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mwanza: Mkuu, mimi nauza mitumba ya daraja la kwanza. Kila nguo ni moja tu. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana. Kwenye condition andika used, kila nguo iwe na id yake na picha yake halisi, siyo ya kuchukua mtandaoni. Ikiuzwa, itoe kwenye faili siku hiyohiyo. Kwa kazi hiyo ndogo ndogo ya kila siku, pima kama faida ya nguo moja inalipa. Viatu na majaketi huenda. Fulana za elfu tatu sidhani.

Mwanachama, Mombasa: Nashona nguo za vitenge mwenyewe, hazina bakodi wala brand. Nijaze nini?

Jibu: Dada, wewe ndiye mtengenezaji, kwa hiyo kwenye brand weka jina la duka lako. Acha gtin wazi, kisha ongeza safu ya identifier_exists (inayosema kama bidhaa ina namba za utambulisho) na uandike no.

Mwanachama, Zanzibar: Faili langu lina shilingi, ukurasa una shilingi, lakini bado naambiwa bei hazilingani. Nimeangalia mara nyingi sioni kosa.

Jibu: Bila shaka una programu-jalizi inayobadilisha sarafu kulingana na mgeni anatoka wapi? Mashine ya Google mara nyingi inaingia kutokea Marekani, kwa hiyo wewe unaona shilingi, yenyewe inaoneshwa dola. Zima ubadilishaji wa moja kwa moja, acha mgeni achague sarafu mwenyewe. Futa na kache ya tovuti (nakala za zamani za kurasa), kisha omba ukaguzi upya.

Mwanachama, Zanzibar: Ndiyo, ninayo! Niliiweka kwa ajili ya watalii. Asante sana mkuu.

Mwanachama, Dodoma: Sina tovuti, nauzia Instagram na WhatsApp tu. Somo hili linanihusu?

Jibu: Kwa Google, hapana, wanataka tovuti uliyothibitisha kuwa ni yako. Ila katalogi ya Meta (wenye Facebook, Instagram na WhatsApp) inatumia safu karibu hizihizi, na picha kule zianzie pikseli 500 kwa 500. Anza kupanga jedwali lako sasa, bidhaa kumi zinazotoka zaidi. Siku ukifungua tovuti utabadilisha safu ya link na kukagua nyingine, hutaanza upya.