Dakika Mbili Zinatosha: Jinsi ya Kutengeneza Filamu ya Katuni ya Kuhitimu na Kuitumia Kutafuta Kazi

Mwanafunzi akinijia na wazo la filamu ya kuhitimu lenye ufalme, vita na majini ya baharini, namuuliza kwanza itakuwa ya dakika ngapi. Akisema kumi, natoa simu tupige hesabu. Filamu huenda kwa fremu 24, yaani picha 24, kila sekunde, kwa hiyo dakika kumi ni fremu 14,400. Hata kila mchoro ukikaa fremu mbili, kama ilivyo kawaida kwenye katuni za kuchora, bado anadaiwa michoro 7,200, na hiyo ni ya mhusika mmoja tu. Dakika mbili ni fremu 2,880, yaani michoro 1,440. Hiyo mtu mmoja anaimudu na mitihani yake akafanya.

Kwa hiyo hapa tunatengeneza filamu ya dakika mbili. Anayekwambia ni fupi mno hajawahi kuhuisha, yaani kuifanya michoro ionekane inasogea, hata kuku mmoja akigeuza shingo.

1. Tafuta hadithi inayokaa mahali pamoja

Wahusika wawili, mahali pamoja, ugomvi mmoja. Mfano tutakaokwenda nao: bibi kapanda daladala na jogoo wake, kamweka kwenye kiti cha pembeni. Konda anataka jogoo alipiwe nauli, bibi hataki. Jogoo anaruka na kutua begani kwa konda. Bibi anasema: "Kiti hicho kiko wazi. Sasa lidai bega lako." Mwisho.

Angalia tulichookoa. Abiria wamekaa, kwa hiyo miguu haionekani, na kutembea ndiko kunakomtesha animeta (mhuishaji) mchanga kuliko kitu kingine chochote. Mandhari ni ya ndani ya gari tu. Nje ya dirisha unachora mtaa mmoja mrefu, kisha unauvuta nyuma ya kioo na gari linaonekana linakwenda. Hadithi nzuri ya mwanafunzi inaficha udhaifu wake bila mtazamaji kujua.

2. Storibodi

Storibodi ni hadithi yako kwa picha, shoti baada ya shoti; shoti ni kipande cha filamu kisichokatwa. Kata karatasi vipande vidogo na uchore kila shoti kwenye kipande chake, penseli tu, bila urembo. Ukitumia daftari utaogopa kuchana ukurasa, ilhali kipande ni rahisi kukihamisha au kukitupa. Bibi akitazama kulia, konda atazame kushoto, na usivunje mwelekeo huo katikati ya mabishano. Bandika vyote ukutani, mwite mtu asiyejua lolote, umwache akusimulie wewe hadithi. Anapokwama, rekebisha hapo.

3. Rekodi sauti kabla ya kuhuisha

Midomo na mikono itafuata sauti, kwa hiyo sauti itangulie. Simu nzuri ndani ya kabati lililojaa nguo inatosha. Nguo zinanyonya mwangwi. Zima feni na friji. Tafuta bibi wa kweli kama unaye, maana kijana anayeigiza uzee hukohoa sana. Mwache aseme kwa maneno yake, kisha rekodi sekunde thelathini za ukimya wa chumba hichohicho uzibie mapengo wakati wa kuhariri.

4. Animatiki: hapa ndipo filamu inapotengenezwa

Ukiharakisha hatua nyingine utapona. Hii usiiharakishe.

Animatiki ni storibodi iliyowekwa kwenye muda na sauti. Piga picha vipande vyako vya storibodi, viweke kwenye programu ya kuhariri video pamoja na sauti, kila picha ikae muda ambao shoti itakaa. Sasa una filamu nzima, isipokuwa picha hazijaanza kusogea. Itazame kama mtu aliyelipa kiingilio.

Karibu kila animatiki ya kwanza ni ndefu. Daladala linapita, linasimama, mlango unafunguka, bibi anapanda, anatafuta kiti... sekunde 25 zimekwisha na jogoo hajaonekana. Anza bibi akiwa ameshakaa na konda ameshanyoosha mkono. Sekunde moja unayoikata sasa ni michoro 12 ambayo hutaichora. Ukija kuikata miezi baadaye unatupa kazi iliyokamilika, na wengi hushindwa kuitupa, filamu ikabaki na uvimbe.

Waonyeshe watu watatu wasiokupenda sana. Wasipocheka jogoo anapotua begani kwa picha mgando, hawatacheka akihuishwa. Kichekesho huwa kwenye muda: huenda konda anahitaji nusu sekunde zaidi ya kumtazama jogoo kabla bibi hajafungua mdomo. Jaribu fremu 8, jaribu 14, jaribu 20. Kubadilisha kwenye animatiki ni dakika moja, na hakugharimu chochote.

Ikikaa sawa, ifunge. Tengeneza jedwali: namba ya shoti, idadi ya fremu, nani yumo, imefikia wapi. Na usihuishe kwa mpangilio wa hadithi. Anza na shoti za katikati, za konda akihesabu chenji. Shoti ya kwanza na ya mwisho ziache hadi mkono umekolea, kwa sababu ya kwanza ndiyo inayomfanya mtazamaji akae na ya mwisho ndiyo atakayoikumbuka.

5. Programu

Blender ni ya bure, inafanya 3D na ina zana za kuchora 2D humohumo. Flow, filamu ya Latvia ya Gints Zilbalodis iliyopata Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender, kwa hiyo kisingizio cha leseni hakipo tena. Kwa 2D tupu, Krita na OpenToonz nazo ni za bure. Achana na programu zilizovunjwa leseni. Pamoja na virusi, siku studio ikikuomba faili la kazi utaona aibu. Kama kompyuta yako ni dhaifu, nenda 2D.

6. Kuhuisha

Chora kwanza pozi kuu (mikao ya mwili) za shoti nzima: konda amenyoosha mkono, konda ameona jogoo, konda ameganda. Zikisomeka zenyewe, ongeza za katikati. Kabla ya tendo lolote kubwa mwili hujiandaa kinyume: jogoo atainama kabla ya kuruka. Akitua, bega la konda lishuke kidogo kisha lirudi. Bila hivyo jogoo ni karatasi.

Midomo ya Kiswahili ni nafuu kwetu. Silabi nyingi huishia na irabu, kwa hiyo maumbo matano ya a, e, i, o, u yanabeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Ongeza midomo iliyofungwa kwa m, b na p, meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, na umbo moja la katikati kwa zilizobaki. Manane tu. Mafunzo mengi ya mtandaoni yamepangwa kwa Kiingereza na yatakupa maumbo usiyoyahitaji. Jambo la kuzingatia ni mkazo: kwetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Konda akisema "Nauli ya jogoo iko wapi?", mdomo ufunguke zaidi kwenye *u* ya nauli, na nyusi zipande kwenye *wa* ya wapi. Ukifunga midomo kwenye kila b na kupatia mkazo, mtazamaji atakusamehe mengine yote.

7. Kurenda

Kurenda ni kuiacha kompyuta itoe picha za mwisho za filamu. Usirende video moja kwa moja. Renda mfululizo wa picha za PNG, kisha uziunganishe. Umeme ukikatika fremu ya 1,900, unaendelea na ya 1,901. Faili la video lililokatizwa njiani mara nyingi halifunguki kabisa. Piga hesabu mapema pia: fremu moja ikichukua dakika tatu, fremu 2,880 ni saa 144, siku sita mchana na usiku. Nakala ziwe tatu, moja nje ya nyumba yako.

8. Muziki na karatasi

Wimbo wa Bongo Fleva unaoupenda hauwezi kuingia bila ruhusa, na tamasha litakuuliza. Muombe rafiki mwenye kinanda au gitaa, mwandikiane makubaliano. Mwandikiane pia na waliotoa sauti, bibi akiwemo. Kazi inaweza kusajiliwa kwenye ofisi za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, KECOBO kwa Kenya. Na uliza chuo mapema filamu itakuwa mali ya nani. Vyuo vingine huishikilia.

9. Kuipeleka nje

Usiiweke YouTube wiki hiyohiyo. Baadhi ya matamasha hayapokei filamu iliyokwishaonyeshwa hadharani. Anza na yenye kundi la filamu za wanafunzi: tamasha la katuni la Annecy, Ufaransa, lililoanza mwaka 1960, lina shindano la filamu za kuhitimu. Karibu na kwetu lipo tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar. Weka manukuu ya Kiingereza, yaandikwe na mtu anayejua kuchekesha kwa lugha hiyo. Matamasha yasiyoeleweka ni nani anayaendesha na yanadai ada kubwa, yapite.

Filamu ya kuhitimu inaweza kukufungulia mlango kweli. Ng'endo Mukii wa Kenya alitengeneza Yellow Fever mwaka 2012 akihitimu Royal College of Art, London; mwaka 2023 alikuwa mmoja wa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi za katuni ulioonyeshwa Disney+.

10. Rili na kazi ya kwanza

Studio haitatazama dakika zako mbili. Itatazama rili, yaani video fupi ya vipande vya kazi zako bora, na kwa uaminifu nakwambia ni sekunde ishirini za mwanzo. Ifanye isizidi dakika moja, kazi bora ianze, muziki usiwe wa kelele, na chini ya kila kipande uandike ulichofanya wewe: storibodi, mandhari, kuhuisha, kufunga wahusika mifupa (ile ya kwenye kompyuta inayowasogeza).

Chagua kimoja. Katuni za watoto kama Tinga Tinga Tales ya Nairobi, iliyoanza kuonyeshwa 2010, na Ubongo Kids ya Dar es Salaam, iliyoanza 2014, zilihitaji watu wa kila idara, na nafasi hutolewa kwa idara. Anayeandika "nafanya kila kitu" anamwacha msomaji wa barua pepe amtafutie kazi yeye, na hana muda huo. Kwetu wachora storibodi wazuri ni adimu kuliko wahuishaji. Kama vipande vyako vya ukutani vilieleweka, fikiria huko.

Ukisubiri studio, utapata kazi za mashirika: katuni ya dakika moja ya chandarua, ya kunawa mikono, ya mikopo. Zinalipa kodi ya nyumba. Omba nusu ya malipo kabla ya kuanza, na andika kwenye mkataba mara ngapi mteja anaweza kubadilisha: mara mbili kwenye animatiki, mara moja kwenye rangi. Mabadiliko ya hadithi baada ya animatiki kusainiwa yana bei yake, na bei hiyo iandikwe humohumo.