Kabla Hujapanda Metro, Jua Inaishia Wapi

Wengi wetu tukihamia mji mkubwa hukariri rangi ya njia ya metro, yaani treni ya mjini, na jina la stesheni, basi. Hayo hayatoshi. Ni lazima ujue pia treni inapitia wapi na inaishia wapi.

Tazama London, ambako treni ya chini ya ardhi imekuwapo tangu 1863. Njia ya Northern, ile nyeusi kwenye ramani, ina matawi mawili katikati ya mji: moja hupita stesheni ya Bank, jingine ya Charing Cross. Uko Camden Town na unakwenda King's Cross? Panda ya Bank. Ukijikuta kwenye ya Charing Cross, shuka Euston ubadilishe, maana matawi yote mawili yanafika pale. Wakati wa kurudi kaskazini utakuta za Edgware na za High Barnet zikipokezana kwenye jukwaa lile lile, kwa hiyo soma ubao kila treni inapoingia.

Anayewahi ndege Heathrow awe makini zaidi. Njia ya Piccadilly hugawanyika, treni nyingine zikaelekea Uxbridge, na hata zile za uwanja wa ndege si sawa: inayokwenda Terminal 5 (jengo la abiria namba 5) haipiti Terminal 4. Ukiwa na masanduku mazito, kosa hilo linaweza kukukosesha safari.

Paris, vibao hutaja stesheni ya mwisho, hivyo kariri majina ya ncha zote za njia yako. Njia namba 13 hupasuka kwenye stesheni ya La Fourche, ikawa na ncha mbili upande wa kaskazini. New York kuna treni za haraka zinazoruka stesheni ndogo. Tena, baadhi ya milango huko huingilia jukwaa la treni za uelekeo mmoja tu. Ukishalipa upande usio wako, huwezi kuvuka. Soma kibao kilicho juu ya ngazi kabla ya kushuka.

Nauli nazo zina taratibu zake. London gusisha kadi au simu kwenye mashine ya getini unapoingia na unapotoka, na iwe ile ile: simu na kadi ya benki huhesabiwa kama wasafiri wawili, hata kama akaunti ni moja. Usipogusisha kutoka, utakatwa nauli ya juu kabisa. New York ni kuingia tu. Berlin hakuna mageti, lakini tiketi ya karatasi isiyogongwa muhuri huhesabika kuwa hujalipa, na faini ni euro 60. Wakaguzi huweza kuvaa nguo za kawaida, na utetezi wa ugeni usiutegemee.

Mzazi akija kukutembelea, mwandikie kwenye karatasi jina la stesheni ya kushukia, la kituo cha mwisho cha treni, na namba ya mlango wa kutokea. Shinjuku ya Tokyo ina milango zaidi ya 200. Kumwambia mtu "tukutane stesheni" pale ni kumpoteza.