Unataka kuingia kikosi cha chia shuleni? Jiandae hivi

Wadogo zangu wa S.1 na S.2, yaani sekondari mwaka wa kwanza na wa pili, mnaoogopa kujiandikisha chia (kile kikosi cha kushangilia timu uwanjani kwa maneno, mikono na sarakasi) eti kisa hamjui kupiga sarakasi, hebu tulieni. Sarakasi na msamba utafundishwa humohumo kikosini, wanaochagua wanataka kwanza mtu mwenye sauti, mwenye kufuata mdundo na asiyekimbia mazoezi.

Sauti ndo ya kwanza. Ukipiga kelele kwa koo, hapo mpaka hafutaimu umeshakauka, so vuta pumzi tumbo litanuke afu sukuma kutoka tumboni, maneno mafupi mafupi. Kajaribuni wawili, we upande huu wa uwanja na rafiki yako upande ule, akishindwa kurudia ulichosema basi hata mashabiki hawatasikia.

Mikono sasa, hapa ndo wengi wanaachwa. Ngumi imefungwa na dole gumba linakaa nje, sio ndani, kiwiko kimenyooka, na ukiinua mikono yote juu ka herufi V iwe mbele kidogo ya mabega kiasi kwamba unaiona bila kugeuza kichwa. Ifike kwa nguvu na isimame papo hapo, isitikisike. Jirekodi kwa simu uangalie, utashangaa mkono mmoja uko juu kuliko mwingine na we ulijua uko sawa.

Ka umecheza ngoma za asili ka bakisimba au larakaraka kwenye MDD ya shule (muziki, ngoma na maigizo), iseme, hiyo ni eksipiriensi kabisa, maana tayari unajua kuhesabu hatua na kwenda pamoja na wenzako. Netiboli pia, kwaya pia.

Kwenye kunyanyuana kuna flaya anayepanda juu, mabesi wanaombeba, na spota wa nyuma. Besi anakunja magoti, mgongo umenyooka, anasukuma kwa miguu, akiinama mgongo ataumia. Flaya anakaza mwili wote, akilegea anakuwa mzito mara mbili hata ka ni mwembamba. Spota macho hayatoki kwa flaya hata sekunde, kazi yake ni kulinda kichwa na shingo. Na jamani nawaomba sana, msinyanyuane bila kocha, wala msijaribu kwenye sakafu ya saruji huko bwenini, shingo ikivunjika hakuna mechi itakayokulipa.

Wavulana nanyi njooni, msione haya, aliyeanzisha haya mambo kule Minnesota, Marekani, mwaka 1898 alikuwa mwanaume, Johnny Campbell, na mabesi wenye mapaja ya nguvu wanatafutwa kila siku.

Siku ya kuchaguliwa vaa raba na kaptura, kata kucha, vua hereni, ka una nywele ndefu zifunge. Ukisahau hatua usisimame kuomba msamaha, dakia hesabu inayofuata uendelee na uso mchangamfu. Na ongea na mzazi mapema, maana mazoezi ni baada ya masomo na kocha atataka ruhusa yake.