Oili ya bushi: jinsi ninavyoichagua na kuiweka

Msimu wa kahawa ukikaribia, karakana yangu hapa Pasua, Moshi, hujaa mashine za mkono za kumenya kahawa kutoka Kibosho, Uru na Marangu. Nyingi hazijavunjika kitu. Zinalia tu, au zimekuwa nzito kuzungusha, na ukifungua unakuta shafti, ule mhimili unaozunguka, imechimbika na bushi za shaba zinazoishikilia zimelika upande mmoja. Mwenye mashine ananiambia, "Fundi, mbona oili naweka kila siku?" Namwamini. Anaweka, ila ni oili isiyofaa, au imeishia juu ya uchafu.

Hapa nasema bushi, siyo beringi za gololi. Kwenye bushi shafti inazunguka ndani ya tundu la shaba, na kinachozitenganisha ni oili peke yake. Shafti ikipata mwendo inaivuta oili na kuiingiza penye nafasi nyembamba, presha inapanda, na shafti inanyanyuka kabisa, haigusi shaba. Mwaka 1883 kule Uingereza, mhandisi Beauchamp Tower alikuwa anapima bushi za namna hii. Akatoboa tundu la oili upande uliobeba mzigo, oili ikatoka badala ya kuingia. Akaziba kwa kizibo cha mbao, kikasukumwa nje. Ndiyo maana nikichonga bushi mpya sitoboi tundu upande unaobeba mzigo. Na mzigo si lazima uwe chini: mashine ikivutwa na mkanda, mzigo uko upande ule mkanda unakovutia.

Kabla ya kuchagua oili jiulize mambo mawili: inazunguka kwa kasi gani, na inabeba uzito gani. Polepole na uzito mkubwa, oili nzito, yaani inayotiririka polepole. Haraka na uzito mdogo, oili nyepesi. Mashine ya kumenya kwa mkono inakwenda polepole, kwa hiyo oili nyepesi inakamuliwa yote na shafti inakaa juu ya shaba. Naweka oili ya injini SAE 40 (SAE ni kipimo cha uzito huo wa oili). Bushi ikiwa imeshalegea kidogo, naweka oili ya gia SAE 90, lakini naomba ya GL-4, yaani daraja la dawa zilizochanganywa kwenye oili ya gia. GL-5 siipendi kwenye shaba, kwa sababu dawa za salfa zilizomo zinaweza kuila shaba ikipata moto. Cherehani, yenyewe, inataka oili yake nyepesi. Ukikuta kopo limeandikwa VG 32 au VG 100, namba hiyo ni kipimo kingine cha uzito huohuo wa kutiririka, oili ikiwa na joto la nyuzi 40; SAE 30 iko karibu na VG 100. Kumbuka na baridi pia: oili inayotiririka vizuri Moshi mjini mwezi wa pili, Kibosho asubuhi ya Julai inaganda kama asali.

Feni ya mezani ina bushi ya unga wa shaba uliobanwa, yenye vitundu vinavyonyonya oili. Hiyo usiipake grisi, inaziba vitundu. Grisi iende kwenye mkokoteni, bawaba za geti, popote penye vumbi na maji na ambapo huwezi kurudi kila siku. Grisi namba 2 ya kawaida inatosha. Sukuma mpaka ya zamani itoke yote pembeni, na usichanganye aina mbili, nyingine zikikutana zinalainika na kumwagika.

Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari, hapana. Nilipokuwa najifunza kazi, karakana niliyokuwepo ilikuwa na debe lake mlangoni, tukawa tunachota humo. Bushi niliyoifunga mwenyewe ilirudi msimu uliofuata. Nikaiinamisha juani nikaona chembe za chuma zimenasa kwenye shaba, zinametameta, na shafti ina mikwaruzo kama imepitishwa msasa. Mzee mwenye mashine ile alikuwa ameuza mbuzi kulipia ile kazi. Mpaka leo inaniuma.

Sasa kuweka kwenyewe. Wiki hii mama mmoja wa Uru kaleta mashine, oili imetapakaa mpaka miguuni, na bushi kavu. Tundu la oili lilikuwa limezibwa na maganda ya kahawa yaliyoshikana na grisi ya zamani, magumu kama ukoko wa ugali. Nilichokonoa kwa spoku ya baiskeli, nikamimina mafuta ya taa, nikazungusha mpaka yakatoka meupe, nikafuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kisha matone matatu, zungusha taratibu, subiri, matone matatu tena, mpaka oili safi ichungulie pembeni mwa bushi. Nikamwambia, "Mama, fanya hivi kila asubuhi kabla ya kazi, na tundu ulifunike kwa kijiti." Inayozidi ifutwe yote, maana kahawa inashika harufu upesi.

Baada ya nusu saa ya kazi shika bushi. Ikiwa vuguvugu, endelea. Ikikuchoma hata huwezi kuhesabu mpaka tano, simamisha mashine, fungua uangalie. Usiimiminie oili ukaendelea kuzungusha.