Kubadilisha vibuyu vya gesi kwenye Land Cruiser 100 yenye AHC, hatua kwa hatua

Wakuu habari za kazi. Juzi kaja mzee mmoja katokea Kibondo na Land Cruiser VX yake, anashuka kashika kiuno, hata salamu hajamaliza ananiambia "fundi hii gari imekuwa mkokoteni, ng'oa huo mtambo wote uniwekee shokapu za kawaida niendelee na maisha." Nikamwambia mzee wangu ngoja kwanza tupime, tukishapima ndo tutajua nini kinang'olewa. Kumbe shida ilikuwa vibuyu tu. Sasa nimeona niandike maana hii kazi hapa Kigoma watu wanaiogopa bure, wengine wanakimbilia kung'oa wakati gari bado nzima.

Kwanza ujue kama inakuhusu. Land Cruiser 100 zimetengenezwa kuanzia 1998 hadi 2007 na siyo zote zina AHC, yaani ule mtambo wa oili unaopandisha na kushusha gari. Yenye AHC ina kitufe cha mishale ya kupandisha na kushusha gari pale karibu na gia, na ukichungulia nyuma ya tairi unaona shokapu imeunganishwa na bomba la oili. Huna bomba, huna AHC, soma tu kwa kujifurahisha.

Inavyofanya kazi ni hivi. Pampu inasukuma oili kwenye shokapu, gari inanyanyuka. Lakini oili haibonyei, ukiigonga ni kama umegonga jiwe, kwa hiyo kinachokupa ulaini ni gesi ya naitrojeni iliyofungiwa kwenye kibuyu cha chuma, upande mmoja gesi upande mwingine oili, katikati kuna ngozi ya mpira. Kila tairi na kibuyu chake. Miaka inavyokwenda gesi inapenya kwenye ule mpira kidogo kidogo, oili inachukua nafasi yake, siku ya siku kibuyu kimejaa oili tupu na shokapu imekuwa nondo. Ndo unaona gari inarukaruka kwenye kokoto ndogo kama mbuzi, wakati shimo kubwa inajikaza.

Jina lake la dukani ni globu, ila ukienda duka la spea hapa Mwanga ukasema nataka globu utapewa taa, imenikuta. Mimi naita vibuyu, mafundi wangu wote wanaelewa.

HATUA YA 1, PIMA KABLA HUJANUNUA. Hii usiiruke, ndo inaokoa hela. Paki sehemu iliyonyooka, gari iwe tupu, washa injini. Fungua boneti tafuta tanki dogo la plastiki la oili ya AHC, lina mistari midogo ubavuni. Shusha gari mpaka LO (chini kabisa), subiri itulie, soma oili imefika mstari wa ngapi, weka alama na kalamu. Pandisha mpaka HI (juu kabisa), subiri tena, soma. Oili itakuwa imeshuka maana imeenda kwenye shokapu. Hesabu mistari kati ya alama mbili. Vibuyu vipya vinatoa kama mistari 14. Ikifika 7 au chini ya hapo vimekufa. Ya mzee wa Kibondo ilitoa minne, na minne yenyewe ni kwa kuhurumia.

Ukipata 11 au 12 na gari bado ngumu, usinunue vibuyu, tatizo liko kwingine, nenda moja kwa moja kule mwisho nilipoongelea toshenbaa, zile fimbo za chuma zinazojisokota kubeba gari mbele.

HATUA YA 2, VIFAA. Vibuyu vinne. Vya mbele na vya nyuma havifanani ndani kwa hiyo agiza kwa namba ya chesisi, usiagize kwa kuangalia macho. Vya kwenye gari iliyokatwa usichukue hata kwa bei ya dagaa, ni wazee wenzake tu hao. Oili ya AHC yenyewe, kopo lake ni lita 2.5, chukua mawili. Usiweke oili ya breki wala ya gia otomatiki, nilishapokea gari mtu kamimina ya breki, mipira yote ya ndani ilivimba, hiyo sikuitengeneza, hiyo kweli tuling'oa. Halafu spana namba 10 kwa ajili ya nipo (vile vichuchu vya chuma vya kutolea upepo na oili), mpira mwembamba unaoonyesha ndani (wa dripu unafaa kabisa), chupa ya maji tupu, spana ya cheni, brashi ya waya, jeki na stendi nne za uhakika.

HATUA YA 3, KUTOA PRESHA. Hapa ndo pa kuumizana. Shusha gari LO, zima injini, toa ufunguo weka mfukoni mwako siyo kwenye dashibodi, maana kuna kijana alitaka kusikiliza redio. Nyanyua gari ukiegemeza chesisi kwenye stendi, siyo ekseli, mpaka matairi yaning'inie. Kama huna stendi tumia magogo ya mninga, ila matofali hapana. Ukifungua nipo na gari haijaegemezwa, bodi inashuka yenyewe ghafla mpaka chini na wewe uko uvunguni.

Chomeka mpira kwenye nipo, mwisho wa mpira uwe kwenye chupa, fungua taratibu. Oili ya kwanza inaruka kwa nguvu kisha inachuruzika. Fanya kona zote nne. Oili iliyotoka kwa mzee ilikuwa nzito nyekundu ya kufifia, akaniuliza "mmeniwekea mawese humu?" Nikamwambia mzee hii imekaa humo tangu Japani.

HATUA YA 4, KUFUNGUA VIBUYU. Sugua na brashi kuzunguka shingo ya kibuyu, pulizia upepo, vumbi jekundu la huku likiingia ndani ya vali umejitafutia kesi nyingine. Mwagia dawa ya kutu jioni, lala nayo. Asubuhi funga spana ya cheni karibu kabisa na shingo, vuta kinyume cha saa. Itagoma. Ongeza bomba kwenye mpini, vuta kwa uzito wa mwili bila kushtukiza, na mwenzako aangalie yale mabomba madogo ya oili yasipinde. Ikitoa mlio wa "ka!" imeachia, inayobaki unamalizia na mkono. Nakuomba kitu kimoja, usipashe moto. Kile ni chuma chenye gesi ya presha, siyo nati ya tairi.

Kikitoka, pima kwa mkono. Kilichokufa kinakuwa kizito kuliko kipya kwa sababu kimejaa oili, na ukisukuma kidole pale tundu unaukuta mpira uko juu juu au haupo.

HATUA YA 5, KUFUNGA. Pakaa oring'i mpya (ile pete ya mpira) oili ya AHC, funga kibuyu kwa mkono mpaka chuma kikute chuma, kisha ongeza kidogo na spana basi. Presha yenyewe inakibana, ukikaza kwa hasira atakayekuja kufungua baadaye atakulaani.

HATUA YA 6, OILI NA UPEPO. Jaza tanki, shusha gari chini, washa, bonyeza ipande N (kimo cha kawaida). Mara ya kwanza inachelewa na inaweza kukuwashia taa ya OFF, usipaniki, zima, ipe dakika chache pampu ipoe, washa tena. Ikishasimama zima injini, toa upepo kona moja moja mpaka mapovu yaishe, kuna na nipo ya tano kwenye tanki la akiba la presha pale kwa pampu, malizia na hiyo. Kila kona ukimaliza angalia tanki, likikauka pampu inavuta hewa na unaanza upya. Bodi itakuwa inashuka kila unapofungua nipo, kwa hiyo mkono unaingia, kichwa kinabaki nje.

Rudia kile kipimo cha hatua ya kwanza. Sisi tulipata 13.

Sasa toshenbaa. Mbele gari inabebwa na toshenbaa, nyuma springi, AHC inasaidia tu. Hivi vikichoka uzito zaidi unahamia kwenye oili, na vibuyu vipya vinakufa mapema, na hapa ndo mafundi wengi wanapoharibu kazi nzuri. Ukiwa na mashine ya kusoma gari, presha ya mbele gari ikiwa N inatakiwa iwe 6.9 MPa, ikizidi au kupungua isipite 0.5. Ya mzee ilikuwa 8 na ushee. Tukakaza boliti za toshenbaa kidogo kidogo pande zote mbili, unakaza, unawasha, unasoma, mpaka ikaingia. Nyuma presha ikiwa juu dawa ni springi mpya, na usiweke za kawaida, za AHC ni laini zaidi. Ndo maana hata ukiamua kung'oa mtambo wote shokapu peke yake haitoshi, utabadilisha na springi na toshenbaa, piga hesabu hiyo kwanza.

Vibuyu vya zamani wale vijana wa chuma chakavu watavitaka siku hiyo hiyo, usiwape, wao kila kitu wanapiga nyundo au wanakata na gesi. Vya mzee viko kwenye ndoo chini ya meza yangu, vinne, vimeandikwa kwa chokaa KUFA.