Maneno ya kwanza ya Kijerumani: anza na ngeli zake

Anayekuja kwenye Kijerumani akitokea Kiswahili ana mtaji tayari: anazijua ngeli. Hakuna anayesema "kiti limevunjika", maana tangu utotoni jina tumelipokea pamoja na upatanisho wake. Kijerumani nacho kina makundi, tena matatu tu: der, die na das. Kosa linalowagharimu wengi ni kukariri kwamba Tisch ni meza, Tür ni mlango, Bett ni kitanda, huku kile kineno cha mbele wakikiacha. Wakifika maneno 200 inabidi waanze upya, na kufuta kilichokaririwa vibaya ni kazi kubwa kuliko kujifunza.

Nunua karatasi moja ya manila na kalamu tatu: bluu, nyekundu na kijani. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja. Der iandike kwa bluu, die kwa nyekundu, das kwa kijani, na usibadilishe hata siku moja. Upande mmoja andika kineno, jina na wingi wake. Upande wa pili chora kitu chenyewe, au andika Kiswahili chake kama hakichoreki. Anzia mezani: der Löffel, die Löffel ni kijiko, die Gabel, die Gabeln ni uma, das Messer, die Messer ni kisu. Vyombo vitatu, makundi matatu. Ukiangalia kitu chenyewe hutajua ni cha kundi gani, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta sababu. Kwenye wingi kineno huwa die kwa makundi yote, ila jina lenyewe hubadilika kwa namna nyingi: der Stuhl (kiti) huwa die Stühle, das Glas huwa die Gläser, das Fenster (dirisha) hubaki Fenster. Nafuu ipo kwenye miisho: majina yenye -ung, -heit na -keit huwa die, na yenye -chen ya kuonyesha udogo huwa das. Ndiyo maana msichana ni das Mädchen.

Kwa siku jifunze maneno 10, siku sita kwa wiki. Yarudie kesho yake, siku ya 3, ya 7 na ya 14. Ukipatia jina ukakosea kineno, hesabu umekosa vyote, kadi irudi mwanzo. Orodha ya maneno ya ngazi ya A1, yaani ya wanaoanza, ya Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani yenye ofisi hapa Dar es Salaam, ina maneno kama 650 na inapatikana bure kwenye intaneti. Kwa mwendo huu utaimaliza kwa wiki 11. Ila usiifuate kwa alfabeti: maneno yanayofanana huchanganyana yakiingia siku moja. Die Küche (jiko, chumba cha kupikia) na der Kuchen (keki) yatenganishe kwa wiki nzima.

Kila kadi itungie sentensi na uiseme kwa sauti. Ich brauche einen Löffel, eine Gabel, ein Messer: nahitaji kijiko, uma, kisu. Angalia kilichotokea: tukisema "kimoja", der na das huwa ein, die huwa eine; lakini hapa cha der kimegeuka kuwa einen, vingine havikuguswa. Asiyejua kijiko ni der atakwama hapo hapo.

Kwenye matamshi, ugonjwa wetu ni kuongeza irabu mwishoni. Brot (mkate) si "broti". Ishia kwenye t. W husomwa v, v mara nyingi f, z ni ts, ß ni s, ei ni ai, ie ni i ndefu. Ch ya Nacht ni ile kh ya "kheri" anavyoitamka mtu wa pwani. Kwa ü, tamka i huku midomo umeiviringa kama ya u.

Penye kazi kweli ni saa. Kiswahili kinatumia neno moja, Kijerumani kinaligawa: ya ukutani ni die Uhr, muda wa dakika 60 ni die Stunde. Zwei Uhr ni wakati wenyewe, zwei Stunden ni muda wa kusubiri. Kisha kuna halb drei. Wengi husikia "tatu na nusu", kumbe ni nusu ya kuelekea tatu, yaani 2:30. Ikiwa ni mchana, kwetu ni saa nane na nusu. Aliyesikia tatu na nusu atafika saa tisa na nusu, amechelewa saa nzima. Dawa yake: weka simu kwenye mfumo wa saa 24, na kila ukiitazama soma 14:30 moja kwa moja, vierzehn Uhr dreißig au halb drei, bila kupitia saa ya Kiswahili.

Namba kuanzia 21 hutanguliza mamoja: 85 ni fünfundachtzig, tano na themanini. Ukiwa kwenye foleni ya Morogoro Road, zisome namba za magari yaliyo mbele yako. T 385 ni dreihundertfünfundachtzig. Unapoandika unachosikia, subiri namba iishe kwanza.

Mahali pengine Kijerumani ndicho chenye neno moja: mpunga, mchele na wali vyote ni der Reis. Kwa mwili ni kinyume. Mkono ni die Hand au der Arm, mguu ni der Fuß au das Bein, na mbele ya daktari lazima utaje kipi kinauma.

Kwenye sehemu ya kuzungumza ya mtihani wa A1 utajitambulisha, kisha utaombwa kutaja herufi za jina lako. Tuliozoea herufi za Kiingereza hujikwaa hapa: ukiita E "ii", msikilizaji ataandika I. Irabu za Kijerumani ziite kama za Kiswahili: a, e, i, o, u. J ni "yot", V ni "fau", W ni "ve", Z ni "tset". Mwajuma atasema: em, ve, a, yot, u, em, a.